Cheti cha mvutano hakitoshi: namna ya kupima tabia ya bamba la alumini kwa kila mwelekeo

Ndugu uliyeleta swali, umeeleza kwamba mmepokea koili mpya ya alumini, yaani bamba refu lililoviringwa, kwa ajili ya sufuria, na cheti chake kinaonyesha nguvu ya mvutano na urefukaji uleule wa koili iliyopita, lakini vikombe, yaani miili ya sufuria, vinatoka kwenye presi vikiwa na mdomo wenye mawimbi na baadhi vinachanika karibu na kitako. Umeuliza ni kipimo gani kingewaonya mapema. Kwa miaka 11 nimekuwa nikipima mabamba ya vyombo vya jikoni hapa Dar es Salaam, na tatizo lako nimelishika kwa mikono yangu zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Cheti hicho hakikuwadanganya. Kwa kawaida kinatokana na ukanda uliokatwa kwa mwelekeo mmoja, nacho kinaeleza ukanda huo ulivumilia nguvu kiasi gani na ulirefuka kiasi gani kabla ya kukatika. Kisichosemwa ni kwamba, bamba lilipokuwa likirefuka, lilitoa wapi mali ya kurefukia: lilipungua upana au lilipungua unene? Kwa mtu wa sufuria, hilo ndilo swali lenyewe. Duara la bamba linapovutwa kuingia kwenye dai, yaani chuma chenye tundu kinacholipa umbo, ukingo wake hulazimika kujibana ili mzingo wake upungue, huku ukuta ulio karibu na kitako ukibeba mzigo wote wa kuuvuta ukingo huo. Bamba lililo jepesi kupungua upana huingia kwenye dai kwa utulivu na ukuta wake hubaki na unene wake, ilhali bamba lililo jepesi kukonda hukonda palepale kwenye kona ya panchi, yaani chuma kinacholisukuma ndani ya dai, mpaka likachanika.

Mwaka 1950, W. T. Lankford na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba tabia hiyo inaweza kuelezwa kwa namba moja, ambayo leo tunaiita r, yaani badiliko la upana likigawanywa kwa badiliko la unene wakati ukanda unavutwa. Bamba lenye r ya 1 hupungua sawa pande zote mbili. Chuma laini kilichotengenezwa mahususi kwa uvutaji wa kina hufikia 1.8 hadi 2.5, lakini alumini yetu kwa kawaida ni 0.6 hadi 0.8, na ndiyo sababu kosa dogo la upimaji linatuumiza sisi wa alumini kuliko wenzetu wa chuma.

Nikuonyeshe kwa hesabu. Chukua ukanda wa upana wa milimita 20.00 na unene wa milimita 1.00, uweke alama mbili zilizoachana milimita 80.00, uvute kwa asilimia 15, kisha uulegeze kabisa kabla ya kuupima, ili sehemu ya mvuto inayorudi yenyewe isiingie kwenye hesabu. Tuseme urefu sasa ni milimita 92.00 na upana ni milimita 18.84. Logi asilia ya 92 kwa 80 ni 0.1398, na ya 18.84 kwa 20 ni hasi 0.0598. Kwa kuwa ujazo wa metali haubadiliki inapobadilika umbo kwa kudumu, upungufu wa unene ni tofauti ya namba hizo mbili, yaani 0.0800, na r inakuwa 0.75. Sasa tuseme fundi ameamua kupima unene moja kwa moja kwa maikromita. Unene wa kweli ni milimita 0.923, lakini yeye akasoma 0.943 kwa sababu ya vumbi au ukanda uliopinda kidogo. R yake inaruka mpaka 1.02, na alumini ya kawaida imegeuka kuwa bamba zuri kuliko lilivyo. Kosa lote ni milimita 0.02 tu. Ndiyo maana kiwango cha ISO 10113 kinakufanya upime urefu na upana, na unene uutoe kwenye hesabu. Hata upana usiupime mara moja: mimi hupima sehemu tatu kati ya alama na kuchukua wastani, na nikiona sehemu moja imeanza kuwa nyembamba kuliko nyingine ninautupa ukanda huo, kwa sababu shingo ikishaanza namba hazina maana tena.

Kingo za ukanda zisawazishwe kwa mashine. Ukingo uliokatwa kwa mkasi umekwisha kukakamaa, na huuzuia upana kupungua kama inavyopaswa.

Jambo la pili ni mwelekeo, na hapa ninaomba uniamini kwa sababu lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili nilikata kanda tisa kutoka bamba moja, tatu sambamba na mwelekeo wa roli, yaani njia ambayo bamba lilipitia kwenye roli za kiwanda, tatu kwa nyuzi 45 na tatu kwa nyuzi 90, nikaziweka mezani nikiamini kwamba nitazikumbuka. Msaidizi alizikusanya ili asafishe meza. Nilizivuta zote, nikapata namba zinazopingana, na koili nzima ikakaa ghalani wiki mbili kwa sababu sikuweza kusema lolote kwa uhakika. Tangu siku hiyo ninachora mshale wa roli kwenye bamba zima kabla mkasi haujaligusa, na kila ukanda unapigwa namba kwenye kichwa chake, mahali ambapo taya za mashine zinashika.

Ukishakuwa na r ya nyuzi 0, 45 na 90, unatoa namba mbili. Wastani wake unapatikana kwa kujumlisha r ya 0, r ya 90 na mara mbili ya r ya 45, kisha kugawanya kwa 4. Huo unakuambia kuhusu kuchanika. Tofauti yake unaipata kwa kujumlisha r ya 0 na ya 90, kutoa mara mbili ya r ya 45, kisha kugawanya kwa 2. Hiyo inakuambia kuhusu mawimbi ya mdomo, ambayo sisi tunayaita masikio. Tofauti ikiwa chanya, masikio husimama kwenye nyuzi 0 na 90. Ikiwa hasi, husimama kwenye 45. Chanzo chake ni mpangilio wa fuwele ndani ya metali: alumini iliyopita kwenye roli ikiwa baridi huelekea kutoa masikio ya nyuzi 45, na iliyochomwa ikalainika huelekea kutoa ya 0 na 90, kwa hiyo kiwanda cha roli hutafuta mizani kati ya hayo mawili.

Jaribio la Erichsen, la kusukuma kipira cha milimita 20 mpaka bamba lipasuke, ni zuri kwa kazi za kutanua, lakini bamba hapo limebanwa lisiingie kwenye dai, kwa hiyo lisikupe imani kuhusu sufuria.

Kama hamna mashine ya mvutano, vuteni kikombe kidogo. Duara la milimita 90 kwa panchi ya milimita 50 linatosha, likiwa na mshale wa roli kitakoni. Pimeni kimo cha kila sikio na kila bonde, mgawanye tofauti ya wastani wake kwa wastani wa mabonde. Fanyeni hivyo kwa koili ya zamani na kwa mpya, kwa mafuta yaleyale na mkandamizo uleule wa kishikizi kinachobana ukingo wa duara, kwa sababu mafuta mabaya nayo huchana kitako.

Msijaribu kuichoma upya koili ili kuondoa masikio. Nimeona bamba lililokwisha kulainika likichomwa tena: masikio yalibaki, punje za fuwele zikakua, na ukuta wa sufuria ukatoka na uso wa vipele kama ganda la chungwa. Mpangilio huo huwekwa kiwandani na hurekebishwa kiwandani. Kwa hiyo agizo lenu lijalo liandike kikomo cha masikio kwa asilimia pamoja na kipimo cha kikombe kitakachotumika, na kwa sasa ukubwa wa duara uongezwe kiasi cha kufidia bonde lililo chini kuliko yote, mradi kuchanika kusizidi. Ukipata namba za koili zote mbili ziweke hapa, pamoja na pembe ambayo masikio yamesimama, tuzisome pamoja.