Jibu: Wanafunzi wa udaktari na hadithi ya kichocho mwaloni

Habari mkuu. Umesema wanafunzi wako wakifika mwalo wa Igombe (ufukwe wa kushushia samaki, Ziwa Victoria) wanaeleza kichocho vizuri, ila wavuvi wanaondoka katikati. Angalia kwanza hadithi inaanzia wapi. Wengi huanza na minyoo inayoleta kichocho. Waanze na mtu: mama anaosha dagaa, maji magotini, mwanawe anaogelea pembeni. Choo hakuna, kinyesi kinaingia ziwani, konokono wanabeba vimelea, vinapenya ngozi hata isiyo na kidonda. Hapo watu husogea karibu. Kisha wanafunzi wanyamaze, waulize: "Huyu mama afanye nini?" Wavumilie ukimya, majibu yatakuja.

Mimi huwakataza wanafunzi wangu kabisa kutumia kisa cha mgonjwa halisi. Mwaloni wote wanajuana. Na vidonge vya kichocho waseme wazi: vinatibu, havizuii kuambukizwa tena.