Vitoto vya nguruwe vinaharisha? Tazama sakafu kabla ya kukimbilia dawa

Mwezi wa saba huku Njombe ukipumua asubuhi unaiona pumzi yako. Asubuhi kama hiyo niliingia bandani nikakuta vitoto 3 vimejikunyata pembeni, mikia imelowa, nyuma kumepakaa uharo wa njano wa majimaji. Vilikuwa na umri wa siku 2. Mama yao alikuwa amezaa 11, na ndio ulikuwa uzao wake wa kwanza. Wiki ilipokwisha nilikuwa nimebaki na 4.

Nilikimbilia dukani, nikasema "nguruwe wanaharisha", nikapewa chupa ya OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini), nikachoma vyote. Muuzaji hakuuliza vina umri gani, na mimi sikusema. Kesho yake hali ilipozidi nikaongeza dozi kwa kukadiria kwa macho. Mzee jirani yangu, ambaye amefuga nguruwe tangu sijazaliwa, alikuja akasimama mlangoni. Vitoto hakuvitazama, alitazama chini. "Mwanangu, hapo wewe ungelala?" Ilikuwa simenti tupu, imelowa mkojo, baridi inapanda hadi kwenye magoti.

Mtaalamu wa mifugo alipofika, akavitazama, akaniuliza maswali mengi kuhusu mama kuliko kuhusu vitoto, akasema kwa umri huo na uharo wa namna hiyo anamshuku bakteria E. coli. Bakteria huyu yupo kwenye utumbo na mavi ya kila nguruwe. Ila zipo aina zake zenye vinyweleo vya kung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba, zikishashika zinatoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyafyonza. Kitoto chenye kilo 1 na kidogo hakina maji ya kupoteza. Kinachokiua hasa ni kukaukiwa.

Sasa kwa nini vyangu, na si vya jirani aliye mita 50 tu kutoka kwangu? Hapa ndipo nilipoumia, maana kosa nililifanya kabla hawajazaliwa. Kondo la nguruwe halipitishi kingamwili, yaani chembe za kinga za mama, kwa hiyo kitoto huzaliwa bila kinga yoyote ya mama, kikategemea dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Na utumbo wake huipokea kinga hiyo kwa takriban siku moja tu ya mwanzo, kisha mlango unafungwa. Tena dang'a hubeba kinga dhidi ya vimelea ambavyo mama amewahi kukutana navyo, basi. Mimi nilimnunua jike yule akiwa na mimba kubwa, kutoka wilaya nyingine, nikamleta wiki 2 kabla ya kuzaa. Dang'a yake ilikuwa na kinga ya banda la mwenye kumuuza. Ongeza kwamba jike wa uzao wa kwanza kwa kawaida ana kinga kidogo kuliko mama aliyezaa mara kadhaa.

Siku hizi sinunui jike mwenye mimba iliyokomaa, hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Nikinunua, awe kwangu si chini ya wiki 6 kabla ya kuzaa, mwanzoni akae peke yake nimwangalie. Mimba ya nguruwe ni miezi 3, wiki 3 na siku 3, kwa hiyo ukijua siku aliyopandwa hesabu haina siri. Ipo pia chanjo ya E. coli anayochomwa mama kabla ya kuzaa. Muulize mtaalamu wako kama inapatikana.

Siku ya kuzaa nalala bandani. Kila kitoto lazima kinyonye ndani ya saa 6 za mwanzo, na vile vidogo navishikisha chuchu kwa mkono. Mama nimeshamwosha tumbo na chuchu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Chumba nacho kimesuguliwa kwa sabuni kwanza, ndipo kikapigwa dawa ya kuua vimelea, kwa sababu dawa ikimwagwa juu ya mavi haifanyi kazi. Kisha nakiacha kikauke karibu wiki nzima.

Halafu joto. Kitoto kichanga kinataka nyuzi 32 hadi 34, mama anaridhika na 18 au 20. Ukipasha banda zima unamtesa mama. Nimetengeneza kisanduku cha mbao pembeni, kina maranda makavu (huku mashine za mbao zimejaa, maranda ni soda tu kwa vijana) na balbu juu. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa gunia. Jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa usithubutu. Hewa yake haina harufu na itakuua na wewe.

Vikiharisha hata hivyo, cha kwanza ni maji: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Navinywesha kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, huku vikiendelea kunyonya. Antibayotiki achague mtaalamu. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni inayowafanya E. coli wa nguruwe, na wa binadamu pia, wasisikie kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba ya mwisho. Bakteria huzoea dawa zinazotumiwa ovyo, kwa hiyo ile dozi yangu ya kukadiria haikuwa kosa la bandani kwangu tu.

Na ukienda dukani, taja umri. Uharo wa damu katika siku 3 za kwanza huenda ni klostridia, bakteria wa aina nyingine. Ukianza wiki ya pili, mzito kama krimu, huenda ni koksidia, vimelea vya utumbo ambavyo si bakteria, na antibayotiki za kawaida hazitasaidia. Nguruwe wanaokua wakitoa makamasi na damu, fikiria kuhara damu kwa nguruwe. Ila wakubwa wakipata homa kali, masikio mekundu, wakafa kwa kufuatana, usichinje, usiuze, usihamishe hata mmoja. Hiyo huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, haina dawa, na simu ya kwanza ni kwa afisa mifugo wa kata.

Jike yule bado ninaye. Uzao uliofuata alizaa 10 kwenye maranda, na mzee akaja tena kutazama sakafu.