Siku Tano Bila Choo

SWALI: Nesi, mtoto wangu ana wiki 7 na ananyonya tu. Mwanzoni alichafua nepi kila aliponyonya, lakini leo ni siku ya tano hajapata choo. Anajikamua, anakunja miguu, anashuta, hakuna kitu. Mama mkwe amefika kutoka Siaya, anataka kumtia kipande cha sabuni. Nimemzuia, ila nina hofu. – Mama wa mtoto mmoja, Kondele, Kisumu

JIBU: Mwanangu, umefanya vyema kuzuia hiyo sabuni. Mimi nilimtia kifungua mimba wangu, nikiwa tayari nesi! Choo kilitoka, ndiyo, lakini alichubuka na kila nilipomtawaza alilia hadi nami nikalia.

Kabla ya choo, niambie mkojo. Kama analowesha nepi 6 au zaidi kutwa, ananyonya kwa hamu, na kilo zinapanda kwenye kijitabu cha kliniki, tulia. Mtoto mchanga maziwa humpitia mbio. Baada ya wiki 6 hivi tumbo hukomaa, na maziwa ya mama humeng'enywa karibu yote, kwa hiyo mabaki ni haba. Wapo wanaokaa wiki nzima. Muhimu ni kitakavyotoka: kikiwa laini, cha manjano, chenye chembechembe kama mbegu, hajafunga choo. Aliyefunga choo hutoa vidonge vikavu kama vya mbuzi. Huko kujikamua ni kwa sababu bado hajajua kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.

Mama mkwe usibishane naye, mpe kazi. Amlaze mtoto chali, amzungushe miguu kama mwendesha boda wa baiskeli, zile za Kibuye kabla pikipiki hazijatufikia. Amkande tumbo polepole. Maji ya glukosi na dawa za gesi, hapana. Hadi miezi 6 ni ziwa pekee.

Lakini tumbo likifura na kuwa gumu, akitapika kijani, akikataa ziwa, akipata homa, au choo kikiwa na damu au kimepauka kama chokaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama kile choo cheusi cha kunata cha kwanza kilichelewa kupita siku mbili baada ya kuzaliwa, mwambie daktari hata leo.

Chanjo ya wiki 10 inakaribia. Mpimishe uzito huko. Beba nepi mbili za ziada. Cha siku tano hupenda kuja ndani ya matatu.