Tokyo hadi Los Angeles: kwa nini kwenda ni saa 10 na kurudi karibu 12?

SWALI: Nimepima ramanini kutoka Tokyo hadi Los Angeles nikapata kilomita 9,300, lakini tovuti zinasema 8,800. Nani mkweli? Na mbona kwenda ni saa 10, kurudi karibu 12?

JIBU: Tovuti ndizo zenye haki. Miji hii iko karibu latitudo moja, na ukiifuata latitudo hiyo utapata hizo 9,300 zako. Ila dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi hupanda kaskazini hadi kama nyuzi 48 katikati ya Pasifiki, kisha hushuka.

Hesabu mwenyewe. Uwanja wa Haneda uko 35.55 Kaskazini, 139.78 Mashariki, wa Los Angeles 33.94 Kaskazini, 118.41 Magharibi. Zidisha sin za latitudo zote mbili: 0.325. Kisha zidisha cos zake, na jibu hilo ulizidishe kwa cos ya tofauti ya longitudo: -0.138. Jumlisha, upate 0.186 hivi. Pembe yenye cos hiyo ni nyuzi 79.26, kila uzi ni kilomita 111.2, basi ni takriban 8,810. Wengi huteleza kwenye longitudo: moja ni Mashariki, nyingine Magharibi, kwa hiyo unajumlisha. Inatoka 258.19, ambayo imepita 180, basi itoe kwenye 360 ubaki na 101.81. Ukipata jibu la ajabu, angalia kama kikokotoo kimewekwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi. Na ukiona 4,760 mahali, hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852.

Sasa muda. Ndege kubwa ikiwa angani hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo bila upepo ni saa 9 na dakika 47. Ongeza kama nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. Kinachovuruga hesabu ni mkondo wa upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi majira ya baridi. Ukisukuma ndege kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, safari ya angani inakuwa 8:49, ukiipinga, 11:01. Wala hasara na faida hazifutani: jumla ya kwenda na kurudi imezidi kwa kama dakika 15, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga. Ndiyo maana wapangaji wa safari huifuata njia yenye upepo mzuri hata kama ni ndefu kidogo.

Usipige hesabu ya muda kwa kutoa saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Ukiondoka Tokyo 17:00 Januari, baada ya saa 10 unatua Los Angeles 10:00 tarehe ileile, kwani Tokyo iko mbele kwa saa 17. Julai tofauti ni 16, maana Los Angeles husogeza saa zake mbele majira ya joto, ila Japani haibadilishi zake.