Maumivu ya vichanga: majibu ya barua zenu

*Shikamoo nesi. Mtoto wa siku mbili anasikia maumivu kweli? (Baba, Tanga)*

Marahaba. Anasikia. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno, tafadhali safari hii likatwe na kutunzwa. Mwaka 1985 huko Marekani, njiti (mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati) Jeffrey Lawson alipasuliwa kifua akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, isiyozuia maumivu. Madaktari wengi wa enzi zile waliamini neva za kichanga hazijakomaa. Mwaka 1987, Dkt. Anand na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa njiti waliopewa dawa ya maumivu wakati wa upasuaji walipata madhara machache baadaye.

*Njiti wangu hakulia alipotolewa damu. Ni jasiri? (Mama Pacha, Mbeya)*

Hapana, mama. Amechoka. Njiti hana akiba ya nguvu za kulia. Mtazame usoni: paji linajikunja, macho yanafumba kwa nguvu, vidole vinachanua. Kimya hicho kinanitisha kuliko kelele.

*Kisigino kinapochomwa naambiwa nitoke. Ni lazima? (Mama, Kisumu)*

Si lazima, na hapa damu yangu huchemka. Wodi niliyoanzia kazi tulikuwa tukiwatoa mama wote, hadi siku mmoja alipogoma. Akamweka mwanawe ziwani, nikachoma. Mguu ulishtuka, chuchu ikamtoka, akaitafuta tena na kuendelea kunyonya. Nami nilikuwa nimewatoa nje mama wangapi!

Omba kubaki. Anza kunyonyesha mapema, sindano imkute ananyonya kweli, na usimwachishe upesi. Asiyeweza kunyonya, mweke kangaruu, yaani kifuani mwako ngozi kwa ngozi, robo saa kabla. Damu ikihitajika nyingi, uliza kama inaweza kutolewa mshipani, maana kukamua kisigino kunaumiza. Ila kwa upasuaji au mrija wa kifuani, ziwa halitoshi. Hapo dai dawa.

*Bibi anasema nimlambishe asali kabla ya chanjo. (Mama Zuu, Unguja)*

Usithubutu! Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyompooza mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Matone ya sukari ya hospitali, ya kupunguza maumivu, hupimwa na kuwekwa ulimini dakika 2 kabla ya sindano. Si kazi ya kijiko cha jikoni.

*Nimpe parasetamoli mwanangu wa wiki tatu? Ana joto. (Morogoro)*

Weka chupa chini, mpeleke hospitali sasa hivi.