Kukadiria uzito wa ndege ambayo bado haijachorwa

Hesabu ya uzito hutangulia mchoro, kwa kuwa bawa, injini na matairi vyote vinausubiri uzito huo. Tuchukue ndege ndogo ya injini moja ya pistoni: rubani na abiria watatu, Mtwara hadi Dar es Salaam na kurudi bila kujaza mafuta. Kwa mstari wa angani ni takriban kilomita 400, hivyo 800 kwa safari nzima.

Anza na mzigo, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Mtu kilo 85, begi kilo 15, mara 4: kilo 400. Lakini msimu wa korosho abiria wa Mtwara haondoki na begi tupu. Ana boksi la korosho, pengine na ming'oko ya ndugu zake. Pima mizigo halisi kwenye mizani, usikopi wastani wa nchi nyingine. Mwaka 2003 Beechcraft 1900D ilianguka Charlotte, Marekani, watu 21 wakafa. Nyaya za usukani wa mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, lakini pia ndege ilizidi uzito na kuelemea nyuma huku makaratasi yakionyesha iko sawa: wastani wa uzito wa abiria ulikuwa wa zamani, watu wameshanenepa.

Mafuta usiyatafute kwa lita. Yatafute kama sehemu ya uzito wote. Kila hatua ya safari ina kizidishio chake, yaani sehemu ya uzito inayobaki baada ya hatua hiyo: kuwasha injini na kupaa 0.97, kupanda juu 0.985, kutua 0.995. Hatua ya kusafiri hutoka kwenye fomula ya Breguet, inayounganisha umbali na mafuta yanayochomwa. Kwa propela yenye ufanisi wa 0.8, injini inayokula kilo 0.304 za mafuta kwa kila kilowati kwa saa, na nguvu ya kunyanyua iliyo mara 10 ya ukinzani wa hewa, kilomita 800 zinatoa 0.9205. Akiba ya dakika 45 ni 0.986. Zidisha vyote, toa jibu kwenye 1, kisha ongeza asilimia 6 kwa ajili ya mafuta yanayobaki tangini bila kufikiwa na pampu. Unapata 0.1454.

Jibu hilo si sahihi. Ndege imepaa mara moja tu kwenye hesabu, wakati kutoka Dar es Salaam inapaa tena, inapanda tena, inatua tena. Ingiza vizidishio hivyo vitatu mara ya pili: 0.1905.

Uzito mtupu, yaani wa ndege bila watu, mizigo wala mafuta, ni kama gunia kwenye mizani ya korosho, unaupima lakini hauuzi. Kwa ndege za aina hii, sehemu yake hukadiriwa kwa 2.05 × W kwa kipeo cha −0.18, W ikiwa uzito wote wa kuruka kwa kilo. Hivyo:

W = 400 ÷ (1 − 0.1905 − 2.05 × W^−0.18)

W iko pande zote mbili, basi unabahatisha na kurudia. Weka 1,600 inakupa 1,502. Jaribu katikati, na baada ya mizunguko michache inatulia kwenye 1,528. Kwa mafuta ya kupaa mara moja ingekuwa 1,356. Kusahau huko kumeficha kilo 172.

Usiiamini fomula hiyo moja kwa moja. Ni mstari uliopitishwa katikati ya ndege nyingi, na nyingine ziko juu yake. Cessna 172S ina uzito wa juu wa kilo 1,157. Fomula inasema asilimia 58 ya hizo ni ndege tupu, ilhali yenyewe ina takriban kilo 750, yaani asilimia 65.

Kwa hiyo jumlisha upya kwa vipande: bawa kilo 12 kwa mita ya mraba, mkia 10, bodi 7 kwa eneo lake la nje, miguu na matairi 0.057 ya W, na 0.1 ya W kwa viti, nyaya, redio na vinginevyo. Injini zidisha kwa 1.4, kwani uzito wa kwenye katalogi hauna oili, propela wala fremu ya kuifungia. Bawa la mita za mraba 17, mkia 5, bodi 22 na injini ya kilo 180 vinaleta takriban 900. Fomula ilisema 837. Shika kubwa mpaka mizani ikukatalie.

Kilo hizo 63 haziji peke yake. Rudia mzunguko ukiwa umekuza uzito mtupu kwa uwiano wa 900 kwa 837, na W inafika 1,718. Bawa lile la mita 17 sasa linabeba kilo 101 kwa kila mita badala ya 90, kwa hiyo ndege itatua kwa kasi zaidi au bawa likuzwe hadi mita 19. Wageni wa kazi hii hapa hukimbilia metali nyepesi. Jaribu kwanza kumshusha abiria mmoja na begi lake: kilo 100 zinatoka kwenye mzigo, na W inashuka hadi takriban 1,414.