R62 au N2 kwenda Oudtshoorn?

Ndugu, uliyeuliza upite barabara ya N2 au R62 kutoka Cape Town hadi mji wa Oudtshoorn, Afrika Kusini: shika R62. Kabla ya mji wa Montagu utapenya korongo la Cogmanskloof, miamba myekundu imejikunja pande zote mbili, na kuanzia hapo ni Karoo Ndogo, ukame na milima. Mvinyo uonjee mji wa Calitzdorp, njiani; wanatengeneza ule mtamu na mzito wa mtindo wa Kireno, nami naupenda sana. Ila dereva ateme au asionje kabisa, maana kikomo cha pombe kwa dereva ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu.

Oudtshoorn kuna mbuni kila upande, lakini usiishie hapo. Amka alfajiri ukawaone nguchiro wa jangwani wakitoka shimoni, wanasimama wima, matumbo yameelekea jua.

Kisha panda barabara ya mlimani ya Swartberg Pass, tafadhali usiiruke! Ilifunguliwa 1888, inafika zaidi ya mita 1,500, na kwenye kona kali utaona kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, bado zimeshikilia barabara. Ni ya changarawe, kwa hiyo mvua ikinyesha ulizia kwanza kama haijafungwa.